Mwenza Asiyeonekana

Dada Zuhura, shikamoo. Natumai huko Tanga mvua imewaachia nguo zikauke.

Huku kisiwani harufu ya karafuu imeingia hata kwenye chai. Nimefikia Ole kwa Bi Mize, mama wa rafiki yangu wa chuo. Jana magharibi tulikuwa tukianua karafuu uani, akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamwambia kuna nyota iliyokufa inayomnyonya jirani yake aliye hai, na kila ikijizungusha hutupigia miale ya eksirei kama mapigo ya moyo. Mapigo yakiwa mara yanawahi, mara yanachelewa, tunajua inamzunguka mtu, yaani huyo jirani. Kazi yangu ni kumtambua huyo mtu, ni yupi kati ya nyota zote za pale.

"Na huyo mzima ajua kwamba analiwa?"

Kabla sijamjibu, nikakusikia unaniita kutoka mikarafuuni. "Kibibi." Wewe tu ndiye unayeniita hivyo. Nikafungua mdomo, Bi Mize akanishika mkono. "Sauti ya magharibi usiyomwona mwenyewe haiitikiwi, mwanangu."

Ikaita tena na tena, mara ikiwahi, mara ikichelewa, mara nyuma ya nyumba. Mwendo ule naujua, ni wa kitu kinachomzunguka mtu. Uani tulikuwa wawili tu, na Kibibi ni mimi.

Mbusu mama, mniombee dua. Ukinipigia simu, piga ya video. Nikuone uso kwanza, ndipo niitike.

Mdogo wako akupendaye