Kwa Hadi, Uliyeliacha Somo Katikati

Umezunguka mwaka, mwanangu Hadi, tangu ututoke, na siku yenyewe imetukuta tukizozana. Ami yako Abdullah alisimama katikati ya sebule na kikombe cha chai asichokinywa. Mimi nilisimama mlangoni, maana nikikaa angedhani nimekubali.

"Shemeji, chumba cha chini kimekaa bure mwaka mzima," alisema.

"Hakikukaa bure. Kina watu kila Jumamosi."

"Watu gani? Msichana wa duka la dawa na mtu wa samaki! Wanasoma maneno ambayo hata majini hawayajui. Nimekuletea mpangaji wa maana, mfanyabiashara wa vitambaa, anataka mahali pa kuweka mali yake. Waambie leo hii wasirudi tena."

"Wako hapo chini. Punguza sauti."

"Nipunguze sauti nyumbani kwa ndugu yangu?"

Baba yako alifumba macho, kama afanyavyo siku zote tukianza. Nyanya yako Mejumaa hakufumba chochote. Alisema, "Abdullah, ama unywe chai hiyo ama uirudishe jikoni."

Hivyo ndivyo tulivyo bila wewe. Hitma ilikuwa imekwisha, tumekuombea, watu wamekula pilau wamekwenda zao. Tumebaki sisi na chumba chako. Nakwambia haya hapa gazetini kwa sababu ninalotaka kukwambia nataka na majirani walisikie.

Wasiokujua na wajue. Ulikuwa mwalimu wa historia katika shule ya upili kule Tudor, na kazi yako uliipenda. Lakini penzi lako hasa lilikuwa lugha za kale, zile ambazo watu wake wamekwisha. Ulianza na Kireno cha zamani, kwa sababu wanafunzi walikuuliza mawe yaliyoandikwa na Wareno kule Ngomeni yanasema nini, nawe ukaona haya kwamba hujui. Kireno kikakupeleka kwenye Kilatini, Kilatini kikakupeleka kwenye Kisiria, na mwisho ukafika kwenye Kigeezi, lugha ya kale ya Wahabeshi. Hakuna aliyekufundisha. Ulijifundisha mwenyewe, kwa sauti, ukiosha vyombo, ukipiga pasi, ukipanda ngazi. Ulisema lugha isiyotamkwa hukaa machoni tu, kichwani haingii.

Kingi wa tuktuk ulimwamkia kwa Kilatini kila asubuhi. Naye kila asubuhi alikujibu, "Salama, mwalimu. Tudor?" Hakuna kati yenu aliyeona ajabu.

Mimi nilisomea uhasibu. Jambo nikiliona huuliza linaleta nini. Nilikuuliza, "Lugha ya wafu, Hadi? Ukiwaamkia, nani atakuitikia?" Hukukasirika. Ulinijibu, "Wao walikwisha kusema, mama. Zamu yetu sasa ni kusikiliza." Nikakwambia basi tafuta na mke anayesema lugha ya walio hai. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye ngazi. Mke hukumleta.

Halafu kulikuwa na ule mwaka wa Babeli. Ulisikia kwamba watu wa huko waliandika kwa kudunga kijiti kwenye udongo mbichi. Udongo hukuwa nao, ukanichukulia unga wangu wa chapati. Ulikanda, ukawagawia wanafunzi wako vijiti vya mishikaki, wakadunga herufi za amri za wafalme Jumamosi nzima. Kisha mkaufunika unga kwa kitambaa, mkatoka kwenda kusali Alasiri. Nyanya yako akaingia jikoni. "Nani huyu ametobatoba unga wa watu?" alisema, akautia wote kwenye mafuta ya moto. Mliporudi, amri za wafalme zilikuwa kwenye sahani. Mlizila na chai. Wewe ulikula nyingi kuliko wote, ukawa unasoma kila kipande kwa sauti kabla ya kukitia mdomoni.

Mtoto aliyeshindikana shuleni ulimleta nyumbani. Ulimlisha kwanza, ukamfundisha baadaye. Sikupata kukusikia ukimwita mtu mjinga. Ulisema, "Huyu bado hajasikia," ukarudia tena, na tena, mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikawa nimelijua somo.

Homa ilikuanza wakati wa mitihani. Ulikwenda hospitali kwa miguu yako, ukanikataza kukusindikiza, ukasema Jumamosi utarudi ufundishe. Jumamosi ulirudishwa kwenye jeneza. Hapo siongezi neno.

Everlyne anauza katika duka la dawa Mwembe Tayari. Tsofa anafanya kazi kwenye ghala la barafu la samaki Liwatoni. Ndio waliobaki katika darasa lako la Kigeezi la kila Jumamosi, na hawakuacha kuja. Wiki baada ya mazishi walibisha hodi, wakaingia chumba cha chini, wakaketi mahali pao. Sikuwafukuza kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumfukuza mtu.

Sauti zao zilipanda kupitia sakafu. Baada ya Jumamosi chache nilitambua kuwa maneno ni yale yale. Hayakubadilika. Nilisema moyoni, maskini mwanangu, amewaachia elimu watu wa vichwa vizito. Lakini kila Jumamosi nilijitafutia kazi juu ya chumba kile. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Maneno yale yalikuwa ya mwisho uliyowafundisha, na hata mahali walipovuta pumzi wakiyatamka palikuwa pako. Nimeyahifadhi yote, Hadi. Sijui kama ni dua au ni bei ya mbuzi.

Basi leo, ami yako akiwa bado amesimama na chai yake, walipanda ngazi. Everlyne alikuwa amejitanda leso kwa heshima ya nyumba. Tsofa alikuwa amevua kofia yake na kuikunja mkononi.

"Mama, tumekuja kuomba radhi yako," Everlyne alisema.

"Radhi ya nini?" ami yako alidakia.

"Mwalimu alitufundisha kwa desturi ya chuo cha Kurani, ami. Mwanafunzi hafunui ukurasa mpaka mwalimu amsikilize na amwambie afunue. Na mwalimu akifa, mwanafunzi huenda kwa watu wake, akaomba radhi kwao, yaani ruhusa, kabla ya kuendelea. Tulingoja mwaka upite kwanza. Hatukutaka kuwaletea maneno mkiwa msibani."

Sote nyumbani humu tulikulia chuoni, na desturi hiyo tulikuwa tumeisahau. Wao hawakusoma chuo hata siku moja, na wameishika mwaka mzima.

"Ngoja," nilisema. "Mmekuwa mkisoma ukurasa mmoja?"

"Mmoja, mama. Ule aliotuachia."

"Unasema nini?"

Tsofa alimtazama Everlyne, kisha akanijibu mwenyewe. "Ni habari ya mfanyabiashara na punda wake, mama. Punda amegoma mlangoni pa mji."

"Tangu mwaka jana?"

"Hajainua hata kwato."

Ami yako aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nyanya yako alisema, "Punda huyo ni wa ukoo wetu." Nilicheka, Hadi. Nilicheka kicheko cha kwanza tangu siku ile, na katikati yake kikageuka kilio, na sikuona haya mbele ya watu.

"Na nikikataa?" niliwauliza.

Everlyne ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ukikataa tutashukuru, tutakwenda zetu. Hatuwezi kukaa kwenye ukurasa ule maisha yetu yote, mama. Lakini kuufunua bila ya radhi hatuwezi vilevile."

Nilitaka kukataa. Nakwambia kweli kama nilivyokwambia kweli ulipokuwa hai. Wakifunua, yale niliyoyasikia mwaka mzima sitayasikia tena. Yatakuja maneno mengine, ambayo hukupata kuwatamkia. Ukurasa ule ukibaki wazi, ni kama wewe umetoka kidogo, umekwenda kusali, utarudi uwasikilize. Ukifunuliwa, wewe umekufa. Wote walinitazama, hata baba yako alifumbua macho.

Kisha nikafikiri, watu hawa wamekaa mwaka mlangoni kwa ajili ya adabu uliyowapa. Wewe hukupata kumwacha mwanafunzi amesimama mlangoni.

"Abdullah," nilisema, "mwambie mtu wa vitambaa atafute kwingine. Chumba kina watu."

"Shemeji, tungezungumza kwanza—"

"Tumezungumza tangu asubuhi. Kunywa chai yako."

Nilishuka ngazi mbele, wao nyuma yangu. Dada yako Jana alinishika mkono, maana ngazi zile ni wima nawe unazijua. Kitabu kilikuwa juu ya meza yako, kimefunguka pale pale, pembe ya ukurasa imeingia weusi wa vidole.

"Usomeni mara moja zaidi," niliwaambia.

Waliusoma. Niliufuata nao kimoyomoyo, neno kwa neno, mpaka mwisho wake. Niliweka kiganja juu ya karatasi kama ninavyoweka juu ya paji la mtoto mwenye homa. Nikasema, "Bismillahi. Nimewapa radhi, kwa niaba yake." Nikaufunua.

Everlyne alianza kusoma. Alikwama kwenye neno la pili. Tsofa alilijaribu, naye akakwama, wakabishana, wakalipata. Yalikuwa maneno nisiyoyajua hata moja. Nilivuta kiti, nikakaa.

Wanaokukumbuka ni baba yako Ziad, mimi mama yako Mona, dada yako Jana, nyanya yako Mejumaa, ami yako Abdullah ambaye chai yake imemwagwa ikiwa baridi, na wanafunzi wako Everlyne na Tsofa, ambao wako mezani kwako sasa hivi ninapoandika, na wanasoma kwa sauti. Maadamu tuko hai, utatajwa nyumbani humu kila siku.