Nilikubali Kuolewa Nikiwa Juu ya Kichwa Chake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ni mashindano ya taifa na mimi ni mchumba wa mtu nisiyetaka anioe, na mtu huyo ndiye anayenibeba. Nina miaka ishirini na sita, nateleza kwenye barafu kwa jozi na Falk hapa Chemnitz, Ujerumani, mwaka wa kumi na moja sasa, ananinyanyua kwa mkono mmoja, ananizungusha, ananirusha, ameniangusha mara mbili tu na mara zote mbili alijitupa chini nikamwangukia yeye, akavunjika mbavu. Kocha wetu, Roswitha, alitufundisha tangu siku ya kwanza kwamba aliye juu habishi, kwa sababu ukibisha mwili unakakamaa na mnaanguka wote wawili, "mkishuka mtukanane mpaka mchoke, ila huko juu jibu ni ndiyo," basi nami nikazoea kusema ndiyo, na Falk akalijua hilo. Nikiwa juu aliniuliza kama tuvae kijani, nikasema ndiyo, tumefanana na matango misimu mitatu, nikiwa juu akauliza kama tununue mbwa, sasa tuna mbwa, wiki kwangu wiki kwake, na Jumanne iliyopita mazoezini, nimetandaza mikono na kutabasamu, nikasikia sauti kutoka chini, "Antje, tuoane?", nikasema ndiyo, akanishusha huku analia kwa furaha.

Mama yake ameshaoka mikate kumi na minne ya Krismasi yenye majina yetu, na mimi simpendi hivyo, nampenda kama mtu anavyopenda ngazi imara. Nilimwambia kocha, akafoka, "We mtoto, una wazimu? Mwanamume mwenye huzuni anadondosha! Na majaji wanapenda wachumba. Funga mdomo mpaka medali zitolewe!" Lakini Falk anataka kututangaza kwa kipaza sauti mara tu tukimaliza kuteleza. Nikimwambia sasa, si ataniangusha? Nisipomwambia, si nitaolewa?

Antje, Chemnitz

Antje, keti, na safari hii keti chini.

Pole. Uchumba unaofungwa mita mbili na nusu juu ya barafu si uchumba, ni utekaji wenye muziki. Huyo kocha wako ananitia hasira. Nimesoma habari za watawala wengi waliotaka watu wakubali kila kitu, lakini hata wao waliwaacha watu wasimame sakafuni kwanza. Eti majaji wanapenda wachumba! Majaji wavae miwani wahesabu mizunguko, ndoa za watu haziwahusu.

Nawe usijifanye kondoo. Ulishushwa Jumanne. Jumatano ulikuwa ardhini, Alhamisi ulikuwa ardhini, na mdomo ulikuwa nao. Hata hilo vazi la kijani ungelikataa misimu mitatu iliyopita, ukiwa umevaa soksi chumbani kwako. Hukulikataa, kwa sababu umegundua raha ya kuishi juu: huko hutakiwi kuamua chochote, na mambo yakiharibika unasema ulibebwa. Mbwa ndiye pekee katika kisa hiki asiye na kosa.

Falk naye ana lake. Mwanamume anayesubiri mwanamke awe hewani ndipo amuulize maswali anajua vizuri kabisa angejibiwa nini chini. Mwambie hivyo pia.

Unaogopa atakuangusha. Mtu aliyetoa mbavu zake ili wewe usivunjike pua hatakuangusha kwa sababu ya ukweli. Atakuangusha siku atakayougundua mwenyewe, mbele ya watu elfu tatu, ameshika kipaza sauti.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mazoezi, mpeleke mahali penye viti na kahawa. Roswitha asijue. Sema, "Falk, sitaolewa nawe." Usiongeze "lakini". Usiseme "labda baada ya msimu". Akilia, mpe kitambaa, usimpe matumaini. Mama yake mpigie simu mwenyewe, usimtume Falk. Mikate ni mikate, italiwa.

Kisha muulize kama atakubeba Jumamosi, na umwache afikiri. Akisema hapana, jitoeni, na Ujerumani itaamka Jumapili kama kawaida. Akisema ndiyo, mwamini. Halafu mwende mkafunge viatu.