Mstari Uliopotea Nyuzi 58

Jagna, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Ugunduzi wangu haupo. Ule mstari wa eksirei unaopotea nikipasha moto hadi nyuzi 58, niliosema ni fuwele yangu inabadilika umbo? Si wa fuwele.

Leo nimefika maabara na keki ya mbegu za popi, si unajua ada yetu mtu akipata jambo. Profesa Wilkosz akasema, "Otylia, kabla hatujakata, hebu tupime kisahani bila unga wako wa fuwele."

Bila unga, Jagna. Nta tu, ile ninayogandishia unga kwenye kisahani.

Mstari ukatokea. Nyuzi 58, ukapotea.

Mzee Zenon wa mashine ya eksirei akauliza, "Nta umeitoa wapi, binti?" Nikasema mishumaa ya makaburini, mabaki ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

"Kumbe miaka mitatu unatupimia mshumaa ukiyeyuka."

Hakuna aliyecheka. Mshumaa ukiyeyuka. Sijalia, sihisi chochote.

Profesa akanikatia kipande cha kwanza. "Kula, mwanangu. Kesho unaanza upya." Nimekila chote, sijui kilikuwa na ladha gani.

Mishumaa yenyewe niliiokota kwenye kaburi la Mama. Hilo sikuwaambia.