Sura ya Nane

Jumamosi, 13 Januari

Wachapishaji wamenijibu. Kungoja kote kule, halafu mistari mitatu! Mswada wangu una lugha nzuri, wanasema, ila vijana siku hizi hawasomi riwaya, na shule hazinunui kisichokuwa kwenye mtaala. Wananitakia kila la heri. Heri gani sasa?

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Akauliza mbona uso umenishuka. Nikamwambia. Akasema kama hawakitaki kitabu si nikichape mwenyewe, mbona mitihani ya shule nzima naichapa mimi na hakuna anayenishukuru. Nikacheka kwa hasira. Halafu nikaacha kucheka.

Nitakichapa mwenyewe.

Jumanne, 30 Januari

Dokta ameumaliza mswada. Katika walimu wote ni yeye tu aliyeomba kuusoma — Dokta wetu wa Kemia, asiye na udaktari wa chochote zaidi ya lile koti jeupe. Mwalimu wa Hisabati aliniuliza kama hakuna muhtasari.

Tulikaa maabara wakati wa mapumziko, yeye na penseli yake. Alichoweka alama sana ni sura ya nane: msichana wangu anaitwa na mwalimu wa Jiografia kwenye chumba cha ramani. Nilikuwa nimemfanya yule mwalimu afoke, apige meza, afunge mlango kwa ufunguo. Dokta akatikisa kichwa. "Dada, mtu wa namna hiyo hadumu shuleni hata muhula mmoja. Mfanye mpole. Amuulize kwanza mama yake hajambo. Na mlango asiufunge! Auache wazi kidogo. Mlango ulio wazi nani ataushuku?"

Nikamwambia ana akili ya mwandishi. Akacheka, akasema basi nimtaje kwenye shukrani.

Nimeiandika upya sura nzima. Sasa ndiyo bora kuliko zote. Inatisha kwa sababu haina kelele.

Alhamisi, 22 Februari

Kwa mchapaji. Gundi, wino, mashine inayotetemesha sakafu. Nilimwomba jalada lenye msichana na begi la shule. Kaniletea bibi harusi! Eti picha hiyo anayo tayari, na mapenzi yanauza. Nikamwambia kitabuni hamna harusi. Hata mwishoni? Hata mwishoni. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Tumemalizana na jalada la bluu lisilo na mtu yeyote.

Jumatano, 20 Machi

Vimefika! Maboksi mpaka mlangoni, mgeni akija apite kwa ubavu.

Kufungua la kwanza — sura ya tano iko kichwa chini miguu juu. Si nakala zote, ila za kutosha kuniua. Mchapaji hapokei simu. Mama akasema msomaji atakigeuza kitabu, si ana mikono. Nikaenda jikoni nikalia.

Kisha nikarudi kukinusa. Jina langu, mbele na mgongoni. Ni langu kweli.

Nilipogeuka, Mama alishaweka kikombe cha chai juu ya boksi. Kitabu changu tayari ni samani.

Jumamosi, 6 Aprili

Uzinduzi, ukumbi wa shule. Viti vingi, watu haba. Binamu yangu kaja na mke na watoto, kachukua nakala akaiweka kwapani: ndugu hawauziani, au siyo? Wakala na soda zote.

Mkuu wa shule akahutubia. Alikisifu kitabu kwa namna kinavyohimiza usafi na nidhamu. Usafi! Hakukifungua mama wa watu, hata jalada la nyuma hakulisoma. Nilipiga makofi na wengine.

Dokta alisoma sura ya kwanza kwa sauti. Sauti nzuri anayo, hilo nisimnyime. Wasichana wa Kidato cha Tatu walikuwa wameketi pamoja mstari mmoja, wanatazama miguu yao. Nikadhani wamechoshwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Hakuna aliyeniambia neno. Hata baya! Bora watukane. Miaka ya kuandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, halafu leo nakikuta kitabu changu kwenye ofisi ya walimu kimebana dirisha lisijifunge. Nilikitoa. Dirisha likajifunga kwa kishindo, mwalimu wa Hisabati akaguna: sasa joto hili je?

Mkutubi tu ndiye kanitia moyo. Nakala za maktaba zimeazimwa zote, wasichana wanapokezana hata kuandikisha hawaandikishi. Nimerudi nyumbani nikiimba kama mjinga.

Jumatatu, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kipindi msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alibaki. Yule wa karibu na ukuta, hajawahi kunyoosha mkono darasani. Akangoja wenzake waishe.

"Mwalimu, nani alikuambia?"

Nikadhani anataka siri za uandishi. Nikaanza kumweleza kwa mbwembwe — mwandishi anabuni, anatazama watu, anachanganya.

"Hapana, Mwalimu. Mlango. Nani alikuambia kwamba huwa anauacha wazi kidogo?"

Nikasema mwalimu wa kitabuni ni wa Jiografia, hayupo duniani, nimemtoa kichwani.

"Jiografia uliweka ili yeye asijijue. Tumeelewa."

Tumeelewa. Hakusema nimeelewa.

Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza swali la ufahamu: "Lakini mbona umemshukuru mwisho wa kitabu?"

Nilishika ukingo wa meza. Kengele ililia, akachukua begi lake akaenda kwenye Kemia. Kwenye Kemia! Nami nilimwacha aende.

Jumanne, 14 Mei

Wamekuja wengine. Mmoja alishamaliza shule, alinisubiri getini, amebeba mtoto wa dada yake. Hawanisimulii sana. Wananitajia tu vitu vya kitabuni — sauti ya chini, salamu za mama, mlango — na wananitazama wakingoja niitikie.

Nilikutana na Dokta ukumbini. "Mwandishi wetu! Mama hajambo?"

Nikajibu hajambo. Ulimi wangu huu huu! Halafu nikaenda chooni nikausukutua kwa maji.

Ile penseli. Nilidhani ananisaidia kubuni. Alikuwa ananisahihisha makosa.

Jumatano, 15 Mei

Nilimweleza Mkuu wa shule yote, majina sikutoa, niliwaahidi wasichana. Alinisikiliza huku anapanga kalamu zake kwa urefu. Kisha akaniambia mimi ndiye nimewatia watoto maneno kinywani. Wamesoma kitabu, vichwa vimewapanda moto, sasa kila mmoja ana mlango wake. Na Dokta ndiye anayeiletea shule matokeo, wazazi wanampenda, je, nimefikiria?

Kumbe kitabu changu kina nguvu kiasi hicho! Juzi tu kilikuwa cha usafi na nidhamu.

Jumatatu nisimame mbele ya shule nzima, niseme kila kitu humo ni cha kubuni. "Si ndivyo ulivyochapa mwenyewe ukurasa wa mwanzo?" Nikikataa, nitafute shule nyingine ya kuandikia vitabu.

Kinachoniuma ni kwamba ni kweli. Nilibuni. Sikujua kitu! Miaka yote hii nimefundisha chumba cha jirani na ile maabara, nikapita nje nikauona mlango uko wazi, nikaona mambo shwari.

Ijumaa, 17 Mei

Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Bibi wa mezani alikuwa mstaarabu. Akasema wasichana waje wenyewe, na mzazi. Nilipompa habari hizo yule wa Kidato cha Tatu alitikisa kichwa: baba yake akijua, atakayepigwa ni yeye.

Habari za wasichana nilishamweleza Mama jana; leo nyumbani nimemkuta na miwani yake, kitabu mkononi. Kumbe anakisoma mchana mimi nikiwa kazini, hasemi! Yuko sura ya nane.

"Huyu mtoto alikwenda kumwambia nani?"

Nikamwambia hamwambii mtu.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, Mama."

"Kwa nini ukamfanyia hivyo?"

Nikamwambia ni kwa sababu nilipoandika sikumwona mtu hata mmoja ambaye angeweza kumwambia. Nilizunguka shule nzima kichwani, ofisi kwa ofisi, sikumpata.

Mama akavua miwani. "Hawa wa kwako wamekwisha kumpata. Wamekuambia wewe."

Akaenda kulala. Mimi nimebaki na maboksi yangu.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika ofisini, dakika za mwisho kabla ya paredi.

Usiku kucha nilipanga maneno mawili tofauti. Ya kwanza ni mafupi na yananiachia mshahara. Ya pili kila nikiyaanza yanakwama, maana nisimame niseme nini — majina siwezi, ushahidi sina, nina kitabu cha uongo kilichosadifu ukweli. Na mkataba wa nyumba uko kwa jina langu, na dawa za Mama. Nani atanilaumu? Wasichana. Watanitazama kama walivyotazama miguu yao siku ile.

Huko nje wanapanga mistari. Kipaza sauti anakijaribu Dokta. Moja, mbili. Moja, mbili. Kila anaposema mbili, mstari wa Kidato cha Tatu unarudi nyuma kidogo. Mwalimu wa zamu anawafokea wasogee mbele. Wanasogea. Anasema tena mbili, wanarudi. Hivi ni leo tu, au ndivyo wanavyofanya siku zote na sisi tunawafokea?

Mkuu amechungulia: "Maneno machache tu, Mwalimu. Usizunguke."

Dokta amekuja mwenyewe dirishani. Koti limepigwa pasi. Ananong'ona kwa upole ule ule, hana wasiwasi hata chembe: "Dada, tuko tayari. Usiogope umati. Nitasimama karibu yako."

Nimemwambia vizuri, asimame karibu. Karibu kabisa, wote wamwone.