Dakika Kumi na Mbili Alizotunyang'anya Mgeni Rasmi

Jumatano. Nje kinanyesha kitu ambacho si theluji wala si mvua. Toronto imeshindwa kuamua. Ndani nimekasirika, na hii ni siku ya nne.

Nianze na maiti, kama filamu ninazozipenda zinavyoanza. Jumapili, kwenye ukumbi tunamokutana Watanzania wa Scarborough na wengine tunaotoka mbali, walizima filamu yangu zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Muuaji alikuwa bado hajajulikana.

Walizima kwa sababu mgeni rasmi amefika.

Filamu zenyewe ni za Kijerumani, za upelelezi, nyeusi na nyeupe, za miaka ya sitini. Nilizikuta kwenye sanduku la vitu ambavyo maktaba ya huku kwangu Mount Dennis ilikuwa inavigawa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaviazima tena. Sikusomea sinema. Kazi yangu ni kusaga lenzi za miwani. Kijerumani nakijua cha kusema ndiyo, hapana na mikono juu. Yanayobaki nayasoma kwenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Mambo yote hutokea London, ila si London. Wamepigia picha kwao Ujerumani, wakaleta moshi wakauita ukungu, wakamvisha askari ile kofia ndefu ya Kiingereza, akafungua mdomo kikatoka Kijerumani. Hakuna anayedanganyika na hakuna anayejali. Mara ya kwanza nilicheka sana. Mara ya pili nikakumbuka sisi wenyewe, tunavyotundika kanga kwenye kuta za ule ukumbi, tukafukiza udi, tukajifanya tuko Morogoro wakati nje watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Nikaacha kucheka.

Halafu kuna huo weusi na weupe. Damu haina rangi, kwa hiyo hakuna wa kukutisha kwa damu. Unabaki kutazama nyuso na mikono. Kivuli kinafika ukutani kabla ya mwenyewe. Glavu nyeusi inashika kitasa, na mlango unafunguka kwa muda wake. Filamu za siku hizi mlango unalipuliwa tu, hata hujapata nafasi ya kuuogopa.

Lakini kinachonivuta zaidi, na nakisema hapa kwa kuwa mwenyekiti wetu hasomi blogu, ni kwamba muuaji siku zote ni mtu wa kuheshimika. Si mlevi, si mtunza bustani mwenye kovu, si yule baharia mgeni wanayemkamata mapema ili tupumzike. Ni wakili wa familia. Ni daktari. Ni mfadhili wa nyumba ya yatima, yule ambaye akiingia watu wote wanasimama.

Hilo la kusimama nitalirudia.

Mwenyekiti wetu ni Mama Grolia. Mwanamke mwema, mchapakazi, na mtumwa wa ratiba ambayo haijawahi kufuatwa. Nilimwomba nafasi ya kuonyesha filamu tangu kiangazi kilichopita. Mikutano yote tukaangalia video za harusi za watu nisiowajua. Jumapili hii mgeni rasmi alikuwa afike saa saba mchana. Saa nane hajaonekana, simu yake inaita tu, watoto wameanza kukimbizana chini ya meza kuu. Ndipo Mama Grolia akanijia.

"Rehema, weka hiyo sinema yako. Watu wasichoke."

Yaani filamu yangu ilikuwa ya kuzibia pengo. Nilijua, na nikakubali. Mwenye njaa hachagui sahani.

Kwa kuwa wazee wengi Kiingereza hawakisomi haraka, nilichukua kipaza sauti nikawa natafsiri papo kwa papo, kama wale watafsiri wa vibanda vya video vya utotoni mwangu. Dakika za mwanzo zilikuwa za kejeli. Kaka Deo, ambaye kila mkutano hukaa nyuma ili asikike vizuri, akauliza, "Dada Rehema, hiyo projekta imeharibika, au rangi waliikata pamoja na umeme?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

Baada ya maiti ya pili hakuna aliyecheka. Kinamama walitoka jikoni na miko yao mkononi, wakasimama mlangoni. Watoto, ambao Kiswahili wanakielewa ila wanakijibu kwa Kiingereza, walikaa sakafuni kimya. Na Mzee Shabani akazungumza.

Inabidi mjue Mzee Shabani ni nani. Alikuwa askari mpelelezi Tanga miaka thelathini. Hapa anaishi peke yake kwenye ghorofa, na kwenye mikutano yetu kazi yake ni kuitikia shikamoo. Miaka mitatu nimemjua, sijamsikia akitoa sentensi mbili zinazofuatana. Jumapili aliniinamia, macho hayatoki kwenye picha.

"Huyo inspekta hajauliza nani ana ufunguo wa pili. Kwetu angehamishiwa kituo cha mpakani." Kisha, baada ya muda, "Muuaji ni wakili. Tazama viatu."

"Mimi nasema daktari, mzee."

"Wakili, mwanangu. Subiri."

Nikasubiri. Glavu nyeusi ilikuwa ndiyo imeshika pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu. Taa za ukumbi zikawaka.

"Ndugu zangu," mshereheshaji akasema, na kipaza sauti changu kilikuwa tayari mkononi mwake, "tusimame wote tumpokee mgeni rasmi."

Vigelegele. Kiti cha katikati kikafutwa vumbi ambalo halikuwepo. Mgeni mwenyewe ni dalali wa nyumba, tunamwita Mheshimiwa ingawa hakuna ajuaye ni jimbo gani lililomchagua. Amechelewa saa mbili na zaidi, ametabasamu kama aliyewahi. Itifaki ikazingatiwa. Akahutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kujali muda tukiwa ugenini. Sitanii. Baada yake ikaja risala, baada ya risala pilau, na baada ya pilau mwenye ukumbi akataka ufunguo wake.

Kinachoniuma zaidi si kuzimwa. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama. Nilimsimamia, na makofi nikapiga.

Tangu Jumatatu simu yangu haitulii. Kaka Deo, yule wa rangi na umeme, ameandika mara tano: "Dada, taja jina tu, nifanye kazi." Dada mmoja wa jikoni, ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa, anasema kwa sababu yangu amekosea dawa ya mgonjwa wake, kisha akasema hapana, hajakosea, ila angeweza. Wote nawajibu kitu kimoja: najua muuaji, sisemi.

Sasa ungamo.

Sijui.

Niliwaambia nimeiona mara tatu. Sijawahi kuimaliza hata mara moja. Niliifungua wiki mbili zilizopita kuhakikisha diski haina mikwaruzo, nikafika katikati, nikaizima mwenyewe kwa hiari yangu, maana nilitaka mwisho wake niuone nikiwa na watu. Filamu hizi zote nimeziangalia peke yangu, na mtu hushtuka vibaya akiwa peke yake: anashtuka halafu anatazama kochi.

Diski iko ndani ya deki, hatua tatu kutoka hapa ninapoandika. Ningeweza kubonyeza. Sijabonyeza siku nne, na nataka ihesabiwe siku nitakapokufa.

Jana alipiga Mzee Shabani. Hakuuliza jina. Alisema binti yake amekuja kumchukua, Jumamosi wanahamia Edmonton, na kwamba hili la Jumapili linamsumbua.

"Nilistaafu mafaili matatu yakiwa wazi, mwanangu. Usiniongezee la nne."

Nikampigia Mama Grolia kuomba ukumbi, hata nusu saa tu. Akasema mwezi ujao, na mwezi ujao kuna mgeni rasmi mwingine. Nikamwambia Mzee atakuwa ameshaondoka.

"Basi si umwambie tu mwisho wake?"

Hapo ndipo nilipokasirika kikweli. Watu wanadhani mwisho ni habari, kitu unachoweza kumtumia mtu kwa meseji akiwa kwenye foleni. Mzee alitazama viatu vya wakili saa nzima. Alifanya kazi. Alifanya kazi kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii, mbele ya watu, na sisi tukamzimia taa ili tumpigie makofi mtu aliyechelewa. Mzee hadai jina. Anadai kuwepo jina linapotajwa.

Leo jioni Mama Grolia amenipigia yeye mwenyewe, sauti chini.

"Rehema, mdogo wangu. Hivi yule mpwa wa marehemu, mwenye bastola kwenye droo. Siye, eh?"

"Mama, kesho naenda kwa Mzee Shabani na deki yangu. Njoo uone."

"Nani atafungua shughuli?"

"Hakuna shughuli. Nitabonyeza."

Akaguna kama mtu niliyemsemesha Kijerumani. "Saa ngapi?"

"Saa kumi. Ukifika saa kumi na robo utakuta wakili ameshafungwa."

"Si ulisema daktari?"

Kumbe Jumapili alikuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama pale kando ya taa, mkono kwenye swichi, anasikiliza.

Sijamsamehe. Nimempunguzia tu adhabu.

Kesho natoka kazini saa nane. Deki nitaifunga kwenye kitenge, niitie kwenye mfuko wa sokoni, na kutoka kazini hadi kwa Mzee ni mabasi matatu. Nitarudisha nyuma kidogo, pale glavu inapolishika pazia. Ikiwa ni wakili, nitampa Mzee mkono na faili lifungwe. Ikiwa ni daktari, sijui kama nitakuwa na moyo wa kumcheka. Na je, wakiwa si hao wote wawili?

Vyovyote vile. Mgeni rasmi wa kesho ni muuaji, naye tutampokea tumekaa.