Pua ya Mwalimu

Jumatatu, 13 Aprili

Nimenusa tena leo. Nyokabi alinishika mkono mpaka kwenye kiti cha plastiki kando ya jiko, akafungua mtungi wa gesi, akangoja. Nikainama. Nikavuta hewa polepole kwa pua, kama kila siku. Nikasema, "Washa." Akawasha.

Sikusikia harufu. Sijasikia harufu yoyote tangu ile homa ya mwaka jana. Ya gesi, ya nyama, ya sabuni, ya mwili wangu mwenyewe, hakuna. Sijawahi kuliandika hili.

Nieleze vizuri, maana siku hizi nasoma nilichoandika juzi kama cha mtu mwingine. Nyokabi ni mke wa mwanangu Kariuki. Kabla ya kuolewa alikuwa mwanafunzi wangu wa sayansi kimu. Mpaka leo ananiita Mwalimu. Kariuki yuko Naivasha kwenye shamba la maua, huja wikendi. Nyokabi anachoma nyama hapa uani kwetu Kiamunyi na kuuza, kwa jiko kubwa la gesi lenye kifuniko. Zamani alichomea makaa. Kifua changu kikakataa moshi, wakahamia gesi. Kwa ajili yangu.

Pua yake huziba msimu wote wa mvua. Ndiyo maana ananitegemea. Nilimfundisha akiwa kidato cha pili kwamba pua peke yake haitoshi, kwamba lazima upake povu la sabuni kwenye kila kiungo na uangalie mapovu. Tulikuwa tukifanya hivyo hapa nyumbani. Mikono yangu ilipoanza kutetemeka nikimwaga povu, akasema, "Mwalimu, wacha tu hiyo bakuli. Pua yako inatosha." Nikakubali. Nilifurahi hata.

Daktari amesema moyo umechoka. Hakusema utasimama lini. Sikumuuliza.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache.

Nimeomba kitunguu saumu. Nikasema ni cha kifua. Nimekiponda na kijiko nikajipaka ndani ya pua. Kinachoma. Machozi yametoka. Harufu hakuna. Nilitumaini, mjinga mimi.

Kwa nini sisemi? Nimekaa na swali hilo siku nzima. Jibu ni aibu lakini ni jibu. Kitandani naoshwa, nalishwa, nageuzwa. Kando ya lile jiko mtu mzima ananisubiri niseme neno ndipo aendelee na kazi yake. Ni dakika moja tu kwa siku. Sina nyingine.

Jioni Nyokabi alifunga haraka akikimbia mvua. Alishusha kifuniko, akafunika na nailoni. Sikuona kama alifunga mtungi kwanza. Nilitaka kuuliza. Nikaona atanijibu vibaya kwa uchovu. Nikaacha.

Jumatano, 15 Aprili

Nimemchoma.

Naandika kwa vituo. Asubuhi alinitoa nje. Niliinama, nikanusa, nikasema, "Washa." Aliwasha njiti, akainua kifuniko kwa mkono mmoja na kuisogeza njiti kwa mwingine, vyote pamoja, kwa sababu Mwalimu ameshasema. Gesi ilikuwa imevuja usiku kucha na kukaa chini ya kifuniko. Moto uliruka ukampiga usoni. Kishindo kama mlango unaobamizwa. Kitambaa cha kichwa kilishika moto. Alikivua akakitupa kwenye matope.

Nyusi zimeisha. Nywele za mbele zimeisha. Ngozi ya paji la uso ni nyekundu. Macho ni mazima. Macho ni mazima. Nimeandika mara mbili na bado siamini.

Alifunga mtungi, akakaa chini kwenye majani, akaniambia, "Mwalimu, ni mimi. Sikufunga jana. Nilisahau kuinua kifuniko na kungoja hewa ipite kama ulivyotufundisha. Pole nimekushtua."

Yeye ndiye aliniambia pole.

Mchana yule kijana wa boda boda anayekula hapa kila siku alimwona, akapiga kelele mpaka barabarani: "Niaje mathe! Leo ulikuwa unachoma mbuzi ama sura?" Wakacheka wote. Nyokabi naye akacheka. "Lete hizo nyusi zako mbili nivae, wewe una za kupoteza." Nilikuwa dirishani. Sikuweza kunywa chai.

Alhamisi, 16 Aprili

Niliamua kurudia kazi yangu kwa njia ya halali. Nyokabi akiwa sokoni nilichota maji kwenye bakuli, nikatia sabuni, nikaanza safari ya kutoka jikoni mpaka uani na mkongojo wangu. Nilitaka kupaka mpira wa gesi na regulata, kile kichwa kinachoshika mtungi, nione kwa macho kile ambacho pua haiwezi. Nikifaulu, nilijiambia, sitahitaji kusema chochote. Nitakuwa napaka povu kila asubuhi na kujifanya nanusa.

Niliteleza mlangoni. Bakuli lilipasuka. Nililala kwenye maji ya sabuni mpaka aliporudi.

Alinigombeza kama mtoto. "Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini huko nje? Unataka Kariuki aseme nimekuua?" Alinibeba. Mimi ni mwepesi sasa. Alinibadilisha nguo, akivutavuta kamasi kwa pua yake iliyoziba, paji la uso limeanza kutoka malengelenge.

Sentensi ilikuwa mdomoni. Fupi. Nikasema, "Nilitaka kufua kitambaa."

Nimefundisha mamia ya wasichana kusema ukweli.

Ijumaa, 17 Aprili

Kariuki amefika mapema. Amechinja mbuzi. Kesho wamama wa kanisa wanakuja kuniombea, na kwetu huwezi kuita watu kuombea mgonjwa halafu uwape chai tupu. Watakula nyama. Wote wanajua ni maombi ya aina gani, ila hakuna anayesema.

Mvua haikatiki. Kwa hivyo Kariuki amehamisha jiko kutoka uani hadi veranda. Amezungushia turubai pande zote, juu mpaka chini, akalifunga na kamba lisipeperuke. Ndani ameweka viti vya wageni. Anaona amewatengenezea watu chumba kizuri chenye joto.

Nilimwita. Nikamwambia jiko la namna ile halikai ndani ya turubai. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kukaa sakafuni, na hapo haina pa kutokea. Hata isipovuja, moto wenyewe unakula hewa ya watu. Liwe nje, mbali na ukuta, mtungi pembeni umesimama wima. Nilisema yote. Nilikuwa natweta.

Alinishika bega. "Mum, kuna mvua. Ni kwa muda wa saa mbili tu. Na si wewe utanusa kwanza?"

Si wewe utanusa kwanza.

Halafu akaleta mtungi mpya. Ameubadilisha kwenye duka jipya huko chini, kwa sababu letu lilikuwa limefungwa. Alipofunga regulata niliona anaisukuma kwa kiganja, mara ya pili, mara ya tatu. Kwenye mtungi wa zamani ilikuwa inaingia mara moja tu. Ama kile kimpira cha ndani kinachozuia gesi kimelika, ama kimepinda. Sijui. Pua ingejua.

Nimejaribu kuomba. Nimeshindwa kupita maneno ya kwanza. Mungu anajua ninachokiomba kweli: niondoke kabla ya asubuhi, nisilazimike kusema. Hiyo ndiyo sala yangu. Nife mimi nikiwa na heshima yangu, na wao wawashe bila mimi. Nimeisoma tena hiyo sentensi. Sijawahi kujiogopa hivi.

Jumamosi, 18 Aprili

Sikufa.

Wamama walikuja na makoti ya mvua, wakakaa sebuleni kwanza wakiimba. Kariuki akanibeba hadi veranda. Turubai lilikuwa limefungwa, mwanga wa buluu, makoti yananing'inia yakidondosha maji. Nyokabi alikuwa amejifunga kitambaa chini mpaka kwenye malengelenge ili wageni wasione. Mbavu za mbuzi zilikuwa tayari kwenye sinia. Alifungua mtungi. Safari hii aliinua kifuniko kwanza, akakiacha wazi, akarudi nyuma, kibiriti mkononi. Alikuwa ameogopa moto, lakini mimi hakuniogopa. Aliniangalia.

"Haya Mum," Kariuki akasema, "toa ruhusa, watu wana njaa."

Niliinama. Nilivuta hewa. Kwa mazoea tu. Mdomo ulikuwa tayari unaumba lile neno.

Nikasema, "Usiwashe. Mimi sisikii harufu."

Kariuki akasema, "Sawa, kama husikii basi hakuna. Washa, Nyokabi."

Hakuelewa. Nikapiga mkongojo sakafuni. "Sisikii harufu yoyote, Kariuki. Ya kitu chochote. Pua ilikufa na ile homa. Nimekuwa nikidanganya."

Sebuleni walikuwa bado wanaimba. Nyokabi alirudisha njiti ndani ya kibiriti. Kisha akaniuliza:

"Na Jumatano?"

"Na Jumatano," nikasema.

Kariuki alipiga magoti akashusha uso karibu na mtungi. Akaruka kama ameumwa na nyuki. Akaufunga. Nyokabi tayari alikuwa amekwenda jikoni, akarudi na sufuria ya povu la sabuni. Alisema, bila kuniangalia, "Fungua kidogo tuone." Nilidhani ni mimi, kumbe anamwambia mumewe. Alimwaga povu shingoni mwa regulata. Likachemka. Mapovu makubwa, yakitutumka na kupasuka, kama uji unaofurika.

Wakafunga tena. Walikata kamba za turubai kwa kisu cha nyama. Mtungi ulitolewa hadi mwisho wa uani. Upepo na mvua vikaingia, viti vikalowa, mimi pia nikalowa. Hakuna aliyekumbuka kunitoa kwa muda, na sikuita.

Mbuzi alichomwa kwa makaa, kule nyuma, chini ya kibati. Wamama walikula wakiwa wamechelewa na wakasifu. Moshi ulinifikia. Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Walidhani ni ugonjwa wakaanza kuomba tena.

Nyokabi alinilaza kitandani. Alinivua viatu. Alipoinama kitambaa kiliteleza nikaliona lile paji la uso kwa karibu.

Jumapili, 19 Aprili

Kariuki amerudi Naivasha. Aliaga kutoka mlangoni. Alisema, "Mum, ungesema tu."

Nyokabi analeta chakula, anatoa vyombo. Hajaniita Mwalimu tangu jana. Haniiti kitu chochote.

Nimelala nikiangalia dari. Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sijapata. Najiona wazi zaidi, basi. Wangelipuka wote pale na wimbo mdomoni, na nilikuwa nimejaribu neno "washa" ulimini hadi sekunde ya mwisho. Hilo sikuwaambia. Naliandika hapa.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua imekatika.

Kimpira kimebadilishwa, mpira wa gesi pia. Jiko limerudi uani, mbali na ukuta. Nyokabi amelisugua lote, na mafuta ya zamani ameyakwangua kwenye trei. Kiti changu cha plastiki kiko pale pale, yeye ameweka juu yake sufuria ya povu.

Nimesikiliza kutoka dirishani. Kifuniko kinafunguka. Kimya kirefu, mswaki wa zamani unasugua povu kwenye chuma. Kimya kingine. Halafu kibiriti. Kwa kila kimya nilishika shuka.

Mchana aliniletea nyama kwenye sahani ndogo, ameikatakata. Kwa kawaida huiweka na kwenda. Leo alisimama. Nyusi zimeanza kuonekana kama vumbi.

"Ulikuwa unaniambia ni tamu," akasema. "Kila siku. Hiyo pia?"

"Sikuwa najua. Nilijua ni ya moto, ni laini na ina chumvi."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo."

Akaelekeza kidole kwenye sahani. "Kula hiyo uniambie."

Nilitafuna. Ulimi ukashtuka. Nikameza kwa shida.

"Chumvi imezidi," nikasema. "Sana. Haiuziki hii."

Alichukua sahani, akaonja kipande kimoja, akakunja uso.

"Hiyo umepata," akasema. Akaenda kuniletea nyingine.