Nyumba Isiyowahi Kulaliwa

Ijumaa, 8 Agosti
Nimezunguka na funguo kabla Sabato haijaingia, kama kila Ijumaa. Nimefungua madirisha ya Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret. Ndivyo mimi na mke wangu Kemunto tunavyoziita nyumba za wadogo zangu wanne, kila moja kwa jina la mji uliommeza mwenyewe. Nairobi ni ya Momanyi. Ghorofa. Ndiyo kubwa kuliko zote na hajalala humo hata siku moja. Akija huku kwa shughuli analala hotelini, Kisii mjini. Nimefagia kinyesi cha popo. Nimechoka kuwa bawabu wa ndugu zangu.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani jana tulikuwa wazee, na watoto wanaolelewa na nyanya zao. Katikati hakuna kitu. Nchi imeinama upande mmoja, watu wote wakamwagikia miji mitano, sita. Sisi huku kijijini Manga tumebaki na mapaa.

Taa za sola huwaka zenyewe giza likiingia. Nyumba nne zinang'aa, hamna mtu. Anayepita barabarani atadhani boma letu limejaa. Leo nimetazama madirisha ya Momanyi nikahisi kuna mtu ananitazama kutoka juu. Sikumwambia Kemunto, angenicheka wiki nzima.

Jumatano, 13 Agosti
Momanyi amepiga simu. Ana uvimbe tumboni. Atapasuliwa wiki ijayo. Kisha akaniomba nifyeke kichaka kando ya nyumba yake, kwa sauti ileile aliyokuwa akiagizia saruji. Nilimwelewa mara moja. Kwetu mtu akifa huletwa alale nyumbani kwake usiku mmoja, halafu azikwe hapo kando. Nimemwambia sifyeki. Nikakata simu. Bado nina hasira.

Alhamisi, 14 Agosti
Usingizi haukuja. Sasa najua ninachokiogopa. Usiku wa kwanza wa mdogo wangu katika nyumba yake utakuwa ndani ya sanduku. Vigae vyote vile, ngazi ile, kwa usiku mmoja.

Nimempigia nikamwambia: Njoo ulale hapa ukiwa mzima, ndipo uende kwa daktari. Akajibu: "Ndugu yangu, hiyo nyumba mimi naiogopa."

Hata yeye!

Ijumaa, 15 Agosti
Hajasema kama anakuja. Simu yake imezimwa. Kemunto amepika chinsaga na maziwa bila kuulizwa, mboga ambayo Momanyi hula mpaka alambe sufuria. Hakuna aliyekuja kuila.

Taa zilipowaka nimeenda nikazizima zote, nyumba kwa nyumba. Boma likawa jeusi. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nimeziwasha tena.

Jumapili, 17 Agosti
Alifika jana jioni, bila kupiga simu. Amekonda. Mshipi umefika tundu la mwisho. Godoro lake lilikuwa bado kwenye plastiki, tukaichana pamoja. Nilipoaga akanifuata mpaka mlangoni.

"Usiende. Kule kwangu mjini kuna baa chini na kanisa juu, na ndiyo kelele ninayolalia. Hapa nasikia tumbo langu."

Basi tukalala kitanda kimoja, wazee wawili wenye mvi. Nikaongea ovyo. Ng'ombe wa jirani, bei ya majani chai, nani amekufa, nani ameoa. Akalala nikiwa katikati ya sentensi, na blanketi lote amejivutia. Niliganda kwa baridi na nilikuwa na furaha. Kila nilipoamka nilisikiliza kama anapumua.

Jumanne, 19 Agosti
Ameondoka jana. Kesho anapasuliwa. Nimeomba, lakini maneno yanaisha haraka.

Nimeingia kwake kufunga madirisha. Shuka zimekunjamana. Mto bado una shimo la kichwa chake. Kemunto alikuja na beseni akitaka kuzifua. Nimemkataza. Nimemwambia kuna mtu analala hapa.